Mlango wa mbele umeliwa na jua: soma dalili kwanza ndo ushike msasa

Mlango wangu wa mbele ni wa mninga, unaangalia magharibi, na kibaraza chenyewe kifupi, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama unapigwa bila huruma. Siku unafungwa ulikuwa unang'aa mpaka mama mkwe akaupapasa akauliza kama umekauka kweli. Miezi saba tu vanishi ikaanza kubanduka. Fundi akaja, akapitisha msasa juu juu, akapaka tena. Miezi minne, ikabanduka tena. Akaja tena, akapaka tena, hela nikatoa tena, na ilipobanduka mara ya tatu nikamwambia asante sana fundi wangu, nikaushusha mlango mwenyewe nikaulaza kwenye stuli mbili, nikaanza kuokota yale maganda moja moja nikiyaangalia.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mimi na yeye tulikuwa na kosa moja, tulikuwa tunapaka juu ya mbao iliyokufa. Jua haliharibu vanishi peke yake. Mbao ni nyuzi nyuzi zilizoshikanishwa na kitu kinachofanya kazi kama gundi, wenyewe wanakiita lignini, na mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inakivunja vunja hicho kitu. Sasa vanishi isiyo na rangi, hii tunayoipenda kwa sababu inaonyesha mistari ya mbao, inaonyesha kwa sababu inapitisha mwanga, na mwanga ukipita na UV kiasi inapita nao. Mbao inachakaa kimya kimya chini ya vanishi ambayo kwa macho bado nzima. Nyuzi za juu zinageuka kama unga, vanishi inabaki imeshika unga, halafu siku mvua ya upepo ikipenya pembeni inabeba vyote. Hata upake vanishi ya bei mbaya kiasi gani juu ya hapo, umepaka juu ya unga.

Kwa hiyo kabla hujanunua kopo lolote fanya vipimo, vyote ni vya hela ndogo.

Cha kwanza maji. Chovya kidole upake mlangoni sehemu tofauti, juu, kati, chini. Yakisimama kama shanga, kinga bado ipo. Yakinywewa na kuacha doa la giza ndani ya dakika moja mbili, hapo hamna kinga tena hata kama panang'aa ng'aa. Cha pili salotepu: bandika, sugua kwa kucha, nyofoa ghafla. Ikija na maganda, usidanganyike na sehemu ambazo hazijabanduka, nazo ziko njiani.

Cha tatu, na hiki ndo kilinifumbua macho, ni tina (thinner, ile ya kuzimulia rangi). Lowesha pamba kwa tina, ishikilie kwenye kona isiyoonekana kama dakika mbili. Ikianza kunata na kuyeyuka kama pipi, ulipakwa vanishi ya NC, ile wanayopulizia makochi na makabati. Ikikunjamana tu au isipofanya lolote, ni vanishi ya mafuta au ya PU (poliyurethani). Yangu iliyeyuka mpaka pamba ikaganda mlangoni.

Cha nne ni kurudi nyuma hatua tano uangalie uharibifu umekaa wapi. Kama upo pale tu jua linapofika, na juu palipofichwa na slabu pako salama, mstari umenyooka kama umepigwa rula, hilo ni jua. Kama umeanzia chini unapanda, hayo ni maji. Kama umezunguka misumari, bawaba na kitasa, hicho ni chuma. Milango mingi inakuwa na zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina tiba yake.

Mng'ao umepotea lakini maji bado yanasimama

Hongera, umewahi. Hapo jua limekula uso wa vanishi tu, mbao bado. Osha na maji ya sabuni kidogo, suuza, acha ikauke siku nzima, pitisha msasa namba 220 au 240 mpaka uso wote uwe hauna mng'ao hata kidogo, futa vumbi na tambara lenye tapentaini, paka mikono miwili (yaani mara mbili) ya vanishi ya aina ileile iliyokuwepo. Kazi ya wikiendi moja. Wengi hatuifanyi kwa sababu mlango kwa mbali unaonekana mzima, tunasubiri ubanduke ndo tushtuke, na ukishabanduka kazi inakuwa mara kumi.

Vanishi inabanduka kama maganda ya kitunguu

Hapa ndo penye mambo. Okota ganda moja kubwa uligeuze nyuma. Ukikuta nyuma kuna vinyweleo vya mbao, ka-vumbi ka kijivu kameng'ang'ania, maana yake vanishi ilishika vizuri tu ila mbao chini yake ndo ilikatika, yaani jua. Ukikuta nyuma ni safi, laini, kunang'aa kama kioo, vanishi haikuwahi kushika tangu siku ya kwanza. Hiyo sio kesi ya jua, jua limemalizia tu.

Isiposhika, sababu ni hizi hizi. Ilipakwa juu ya vumbi la msasa. Ilipakwa juu ya vanishi ya zamani ambayo bado inang'aa, haikukwaruzwa. Mbao ilikuwa na unyevu. Au mbao yenyewe ina mafuta yake ya asili, na tiki (msaji) ndo sugu kwa hilo, mvule nao wakati mwingine unasumbua. Mlango wa tiki unaufuta kwa tambara lenye tina au asetoni mpaka tambara litoke safi, unapaka siku hiyohiyo, kwa sababu ukiacha siku mbili mafuta yanapanda juu tena.

Halafu kuna kesi yangu, vanishi ya ndani imepelekwa nje. NC inakauka ndani ya nusu saa, fundi anapiga sila (ile ya kuziba vitundu vya mbao), anapiga msasa, anapulizia, jioni kashalipwa kaondoka, na kwa kabati la chumbani sina neno nayo, inapendeza. Ila ni ngumu na haina mnyumbuko. Mbao ya nje inatanuka masika na kusinyaa kiangazi kila mwaka, vanishi isiyonyumbuka inapasuka nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni, maji yanaingia, basi. Mlango wa nje unataka vanishi iliyoandikwa kabisa kwenye kopo kuwa ni ya nje au ya boti na kwamba ina kinga ya UV. Kama kopo halisemi, muuzaji akikuambia "hii inafaa kote kote boss", mshukuru uende duka la pili.

Dawa ya kubanduka ni moja tu na haina njia ya mkato, toa yote mpaka mbao hai. Shusha mlango. Fungua kitasa, bawaba, namba ya nyumba, kila kitu, usizungushie salotepu kwa uvivu kwa sababu maji yanaanzia hapohapo chini ya kitasa. Vanishi iliyolegea itoe kwa skrepa au kipande cha kioo kama wazee wanavyofanya (kioo kinakwangua vizuri kuliko unavyodhani, ila vaa glavu), iliyong'ang'ania tumia rimuva (dawa ya kulainisha vanishi) au mashine ya hewa ya moto. Grenda hapana. Najua mafundi wanaipenda, inamaliza dakika ishirini, lakini inachimba mabonde ambayo ukishapaka vanishi jua la jioni linayaonyesha yote kama mawimbi. Na soda kali, kosti, usiweke kwenye mbao ngumu zenye rangi, inazifanya nyeusi.

Kisha msasa: namba 80 kutoa kijivu, 120 kufuta mikwaruzo ya 80, 150 kumalizia, siku zote kwa kufuata mistari ya mbao. (Msasa wenyewe kwanza ni mti, majani yake yanakwaruza, watu walikuwa wanalainishia mbao kwa majani kabla karatasi hazijaja.) Usiende mpaka 400 ukidhani unafanya vizuri, mbao ikiwa laini sana vanishi inakosa pa kung'ata. Utajuaje umefika kwenye mbao hai? Angalia vumbi. Mwanzoni linatoka la kijivu, baadaye linageuka rangi ya mbao yenyewe, kwa mninga kahawia ya dhahabu, na harufu inarudi. Mimi nilipopata ile harufu nilikaa chini kidogo nikapumzika. Ukitaka uhakika futa na spiriti, sehemu ambazo bado zimekufa zitaonekana tofauti na nyingine.

Mambo mawili ya usalama hapo. Vumbi la mbao ngumu sio la kuchezea, la mvule hasa linawasha ngozi na kubana kifua, vaa barakoa. Na kama mlango ni wa zamani una tabaka za rangi za mafuta za miaka hiyo, zinaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, hizo usizipige msasa mkavu, lowesha, na watoto wakae mbali.

Kama mlango wako ni wa plaiwudi, ule ukigonga unalia mtupu ndani, mbao nzuri ya juu ni nyembamba sana, kama milimita moja au pungufu, kwa hiyo sahau namba 80. Anza na 150 kwa mkono. Ukitoboa mpaka kwenye gundi hakuna dawa zaidi ya kupaka rangi.

Na ukishafika mbao hai usiiache tupu juani wiki mbili tatu ukisubiri mshahara. UV haisubiri, uso unaanza kufa upya na unarudi palepale. Nunua vanishi kwanza, ndo uanze kukwangua.

Juu pazima, chini futi moja pamekufa

Hili sio jua hata kama mlango uko juani. Ni mvua inayogonga sakafu na kuruka, ni maji ya deki, na zaidi ya yote ni ukingo wa chini ambao haukupakwa kitu. Sasa hivi nenda weka simu sakafuni, kamera ikiangalia juu, ipitishe chini ya mlango upige picha. Mbao kavu tupu, si ndio? Pale mbao ilipokatwa ndo midomo yake yote iko wazi, inanyonya maji kuliko ubavuni mara nyingi sana, na vanishi inasukumwa kutokea ndani. Ukingo wa juu nao hivyohivyo, hakuna anayeuona kwa hiyo hakuna anayeupaka. Pandisha mikono mitatu minne kwenye kingo zote mbili, pamoja na matundu ya kitasa na vitanda vya bawaba. Kwenye orodha yote hii, hapo ndo unapata faida kubwa kwa jasho dogo.

Choma choma pia na bisibisi pale chini. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, pameoza, vanishi haitasaidia, kata kipande hicho upandikize mbao mpya. Ukikuta ndani kumejaa udongo udongo, hao ni mchwa, maliza kesi yao kwanza.

Madoa meusi

Weka tone la jiki iliyochanganywa na maji kwenye doa, subiri dakika chache. Likififia, ni ukungu. Osha mlango wote na hiyo jiki nyepesi, suuza sana, kausha. Lisipobadilika, na hasa kama liko karibu na msumari au chini ya geti la chuma linalovuja kutu, ni chuma kimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, vinatengeneza kama wino. Hilo msasa hauliwezi, limezama. Dawa yake ni asidi ya oksaliki, inapatikana maduka ya kemikali kama chumvi nyeupe, gramu 50 mpaka 100 kwenye lita moja ya maji ya moto, ndoo ya plastiki, glavu, miwani. Paka kwenye paneli nzima (ule ubao mpana ulioingia ndani ya fremu ya mlango) au mbao nzima na sio doa tu, la sivyo utapata doa jeupe badala ya jeusi. Acha, ikikauka suuza mara mbili tatu. Ni sumu, na yale mabaki yakikauka usiyapige msasa ukayavuta. Na tafadhali sana jiki na asidi visikutane, suuza kimoja kabisa na upumzishe siku kabla ya kingine, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini.

Baada ya hapo ondoa chanzo. Msumari wa chuma badilisha uweke skrubu ya shaba au stenlesi, na kwa sisi wa pwani yenye chumvi hewani hilo halina mjadala.

Malengelenge

Yakitokea siku ileile au kesho yake, ulipaka juani, uso ulikauka hewa ikiwa imefungiwa ndani. Yakitokea baada ya mvua, ni maji yanatokea ndani, rudi kwenye kingo za juu na chini. Rangi ya giza inazidisha, mlango mweusi au kahawia nzito ukiugusa saa kumi jioni unatoa mkono.

Kunata siku ya tatu: umepaka mkono mzito, au mbao ya mafuta haikufutwa, au kuna mtu kaongeza mafuta ya taa kwenye kopo kupunguza gharama. Ukungu mweupe kama maziwa ndani ya vanishi ya NC ni unyevu wa hewa, ilipakwa siku ya mvua.

Nyufa, na mlango unaobana masika

Paneli zimetengenezwa ziogelee, zinatanuka na kusinyaa ndani ya mfereji wa fremu. Fundi akizipigilia msumari au kumimina gundi, zinapasuka katikati, hazina pa kwenda. Wewe nawe ukijaza ufa kwa puti kiangazi, masika paneli inatanuka inakuta puti, inapasua pengine. Zitoe zile gundi na misumari, acha ipumue. Ukiona kila kiangazi mstari mwembamba usio na vanishi unachungulia pembeni ya paneli, hiyo ni kawaida, imesinyaa, pakia hapohapo ikiwa imesinyaa.

Mlango ukibana Aprili usikimbilie randa. Utaupunguza sasa, Septemba unaingiza mkono. Subiri ukauke, ziba kingo, ukibana tena mwaka unaofuata ndo upunguze.

Sasa upake nini

Mlango usiopigwa jua moja kwa moja, paka unachotaka. Ndo maana milango mingi ya Mji Mkongwe na Lamu imedumu, mbao nene, imeingia ndani ya ukuta mnene, mtaa wenyewe mwembamba jua linapita juu juu. Huku Dar mlango wa kaskazini unapata jua katikati ya mwaka na wa kusini Desemba na Januari, ila mchana jua liko juu, slabu ya futi mbili tatu inasaidia sana. Wa mashariki na magharibi ndo wenye shida, jua linaingia chini ya slabu.

Kwa hao, maoni yangu. Vanishi isiyo na rangi kabisa inataka kuguswa kila mwaka, ukiweza kuahidi hilo sawa. Yenye rangi kidogo ndani yake, stein ya kahawia ya nje, inadumu zaidi kwa sababu ile rangi ndo inayozuia UV kama mwavuli. Rangi ya mafuta inayoziba kabisa inadumu kuliko zote, na kwa mlango wa paini sioni aibu yoyote. Kwa mninga roho inauma, najua. Mafuta matupu hayabanduki kamwe, na hiyo ndo raha yake, ila unapaka kila miezi michache. Ni hekima ya mabaharia hiyo, majahazi wanayapaka sifa, mafuta ya maini ya papa, mbao za juu ya maji, na wanarudia rudia. Harufu ya sifa mlangoni lakini jirani atakuhama.

Mimi nilichagua stein nyepesi mkono mmoja, juu yake vanishi ya boti mikono mitano. Wa kwanza nimeuchanganya na tapentaini kama asilimia 15 uzame, mingine kama ilivyo, kila mmoja mwembamba, usiku mzima katikati, msasa 240 kidogo kabla ya unaofuata. Mlango wa magharibi unapaka asubuhi kuanzia saa tatu umande ukishaondoka, wa mashariki unapaka mchana. Juni mpaka Septemba ndo majira, hewa kavu. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupia stoo, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka, yatandaze nje yakauke au yatie kwenye maji.

Mwaka wa tatu huu. Kila wiki ya kwanza ya Juni natoka na kikombe cha maji, napaka kidole kona ya chini kushoto, ndo panaanzaga. Mwaka jana yalisimama, nikaosha tu. Mwaka huu yalianza kulala kidogo, nikapitisha msasa nikapaka mikono miwili, kopo la nusu lita na likabaki.